Wiki Moja ya Kambi ya Watoto: Wajibu wa Mchungaji kwa Mtoto Aliyebatizwa

1. Utangulizi

Shule zinapofungwa mwezi wa Juni, wachungaji na walimu wa shule ya Jumapili huulizwa na wazazi swali lile lile: je, watoto wetu watakaa wapi na kufanya nini muda huu wote? Sharika kadhaa za jiji la Arusha na za miteremko ya Mlima Meru hulijibu swali hilo kwa kuwaita watoto kambini. Hapo watoto wa mjini, wa Engutoto, Njiro na sehemu nyingine, hukutana na wenzao waliokulia katika migomba na kahawa ya Meru, au katika maboma ya upande wa Monduli. Kwa siku saba wanakula chungu kimoja, wanalala chini ya paa moja, na kusali kwa sauti moja.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mchungaji, pamoja na mwanafunzi wa theolojia anayejiandaa kwa kazi hiyo, aelewe namna ya kuiongoza wiki kama hiyo. Hatukusudii kutoa orodha ya michezo na nyimbo, kwa maana walimu wetu wa shule ya Jumapili wanazijua kuliko sisi. Tunakusudia kulieleza jambo moja ambalo ndilo mzizi wa mengine yote: kambi ya watoto ni Kanisa lenyewe, wala si mahali pa kuwangojesha watoto mpaka wafae kuwa Kanisa. Mtoto anayefika na mfuko wake wa nguo mgongoni ni mtu aliyekwisha kubatizwa. Mchungaji anayelishika jambo hili atajua afundishe nini asubuhi, aseme nini jioni, na akeshe kwa sababu gani usiku.

2. Asili ya kambi za watoto

Desturi ya kuwakusanya watoto nje ya ibada ya kawaida ina historia ndefu. Robert Raikes alianza shule ya Jumapili huko Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, kwa ajili ya watoto waliofanya kazi siku sita na kuzurura siku ya saba. Mwaka 1868 Josiah Spiers alikutana na watoto waliokuwa mapumzikoni katika ufuko wa Llandudno, Wales, akawahubiria palepale mchangani. Kazi yake ni moja ya mizizi ya chama ambacho sisi tunakijua kwa jina la Umoja wa Kujisomea Biblia. Kule New York, mwaka 1898, mama mmoja wa Kanisa la Kibaptisti aliwahurumia watoto waliokuwa wakitangatanga mitaani wakati wa joto, akakodi ukumbi wa kuuzia bia na kuwafundisha Biblia humo siku za kazi. Kutokana na juhudi kama hizo zilienea shule za Biblia za wakati wa likizo, na baadaye kambi za kiangazi.

Tunaitaja historia hii kwa sababu mbili. Kwanza, inatuonyesha kwamba kazi hii ilianza kwa kuwaona watoto walioachwa bila mtu wa kuwatazama, na hilo lisisahauliwe pale kambi inapokuwa ya wale tu wenye uwezo wa kulipa. Pili, inatuonya tusiige bila kufikiri. Likizo ya wenzetu wa Ulaya na Marekani huwa wakati wa jua kali. Likizo yetu ya Juni hufuata mvua za masika, na chini ya Mlima Meru huo ndio wakati wa baridi na ukungu. Jiji lenyewe la Arusha liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na sharika za juu mlimani zina baridi zaidi. Anayepanga kambi huku na akafikiria mpira kabla ya blanketi amechukua mpango wa nchi ya watu.

Tena, wazo la kuwaweka watoto wa umri mmoja pamoja ili wafundwe si geni katika nchi hii. Waarusha na Wamasai wameishi kwa utaratibu wa marika tangu zamani, na mtu na mwenzake wa rika hudaiana uaminifu mpaka kufa. Mmisionari Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig, aliyefanya kazi Kilimanjaro tangu mwaka 1902 hadi 1938, isipokuwa miaka michache baada ya Vita Kuu ya Kwanza ambapo Wajerumani waliondolewa nchini, aliutumia urithi kama huo miongoni mwa Wachaga. Katika mafundisho ya kipaimara aliwaunganisha vijana katika vikundi vidogo, ili kila mmoja amtunze mwenzake na kuulizwa habari zake. Wasomi wamemlaumu Gutmann kwa kuuthamini mno ukoo na ujirani, hata ukaribie kuwa sawa na Kanisa. Lawama hiyo ina haki yake, maana ubatizo hauulizi mtu ni wa ukoo gani (Gal. 3:26–28). Lakini alikuwa ameona sawasawa kwamba mtoto hujifunza imani akiwa na wenzake anaowajibika kwao. Kambi nzuri huchukua hekima hiyo na kuipa mipaka ya Injili: katika kila kikundi mtoto wa Engutoto awe ndugu na mtoto wa boma, na mtoto wa mkulima awe ndugu na mtoto wa mfanyabiashara.

3. Mtoto ni Mkristo tayari

Sisi Walutheri tunabatiza watoto wachanga. Tunakiri kwamba Mungu ndiye atendaye katika ubatizo, wala imani ya mtoto haipimwi kwa wingi wa maneno yake. Hata hivyo, mara nyingi tunayaacha maungamo haya mlangoni pa kambi. Mhubiri mgeni anaalikwa usiku wa mwisho, taa zinapunguzwa, habari za jehanamu zinasimuliwa kwa sauti kuu, na watoto waliochoka wanaambiwa wasimame wale wanaotaka kumpokea Yesu. Wengi husimama wakilia. Mhubiri huhesabu vichwa, na idadi hiyo huandikwa katika taarifa ya kambi kama matunda ya kazi.

Hatusemi kwamba Mungu hawezi kumgusa mtoto usiku ule. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza Ruanda mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuenea hata kwetu, umelifundisha Kanisa kuichukulia toba kwa uzito, nasi tunashukuru. Tunachosema ni hiki: mtoto wa miaka tisa aliye mbali na mama yake, mwenye usingizi na hofu, atasimama kwa ajili ya mtu mzima yeyote atakayemwambia asimame. Kusimama kwake kunaonyesha utii wake na uchovu wake. Ubaya mkubwa zaidi ni fundisho analoondoka nalo, yaani kwamba kabla ya usiku ule hakuwa wa Kristo, na kwamba yale aliyotendewa kwenye maji ya ubatizo hayakuwa kitu. Mwaka unaofuata atasimama tena, kwa kuwa hofu imerudi.

Marko anatueleza kwamba Bwana Yesu aliwakasirikia wanafunzi waliowazuia watoto, akawakumbatia na kuwabariki (Mk. 10:13–16). Hakuwauliza neno kwanza. Kwa hiyo basi, swali la kambi si namna ya kumfanya mtoto awe Mkristo kwa siku saba. Swali ni namna ya kumpa siku saba za kuishi kama Mkristo alivyo: kusali, kufanya kazi, kucheza, kukosa, kusamehewa, na kulala kwa amani.

Wapo pia watoto wasiobatizwa wanaoletwa na rafiki zao. Hao wapokewe kwa furaha ile ile. Mtoto asibatizwe kambini bila wazazi wake kujua. Akiomba, mchungaji aliandike jina lake, na baada ya kambi aende nyumbani kwao kuzungumza na wazazi.

4. Matayarisho

Kambi ya Juni ianze kutayarishwa mwezi wa Januari. Mambo yafuatayo hayana budi kuangaliwa.

Idadi na wasaidizi. Tunashauri watoto wasizidi 60, wa umri wa miaka 8 hadi 13, wagawanywe katika vikundi vya watoto wanane au pungufu. Kila kikundi kiwe na mlezi mmoja mtu mzima na msaidizi mmoja kijana aliyekwisha kupata kipaimara. Walezi wa wavulana wawe wanaume, na wa wasichana wawe wanawake. Watu hawa wajulikane na usharika kwa muda mrefu. Anayejitolea wiki ya mwisho, hata akiwa mwimbaji hodari, asipewe kikundi.

Mahali. Shule ya bweni wakati wa likizo inafaa kuliko mahema, kwa sababu ya baridi na unyevu. Mchungaji akalale pale usiku mmoja kabla ya kambi ili ajue mlango upi haufungi, choo kiko umbali gani gizani, na kama njia ina taa. Vyandarua viandaliwe, hasa mahali pa chini kama Usa River na kuendelea.

Maji. Jambo hili ni la kwetu hasa. Chemchemi na mito mingi inayotoka Mlima Meru ina madini ya floraidi kwa wingi, na mto Maji ya Chai ni mfano unaojulikana sana. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kisizidi miligramu 1.5 katika lita moja, na vyanzo vyetu vingi huzidi hapo mara kadhaa. Wapishi wengi huamini kuwa kuchemsha hutibu kila kitu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi huzidi kukolea. Kwa hiyo maji ya kunywa yatoke kwenye chanzo kilichopimwa, au yapitishwe kwenye chujio la mkaa wa mifupa, ufundi uliofanyiwa utafiti hapa kwetu Ngurdoto. Tunajua kwamba siku saba haziharibu meno ya mtoto, kwa kuwa madhara huja kwa miaka mingi ya utotoni. Lakini mchungaji anayeyajua maji ya mahali atayajua pia meno ya watoto wake. Wengi wa waliokulia Meru wana meno ya rangi ya kahawia, na wapo wanaoziba mdomo kwa kiganja wanapocheka. Mtoto wa mjini akimcheka mwenzake siku ya kwanza kwa sababu hiyo, mlezi anayeelewa kwamba ni maji tu, wala si uchafu, ataweza kuwafundisha wote wawili kabla jeraha halijaingia ndani.

Chakula. Uji asubuhi, makande, ugali na maharage, ndizi na nyama kwa siku nyingine. Loshoro huwapendeza watoto wa Meru na Arusha, nao wa mjini huizoea upesi. Watoto walishwe vizuri jioni, kwa maana mwenye njaa hasikii somo wala hapati usingizi.

Fomu ya mzazi. Kila mtoto aje na karatasi iliyotiwa sahihi na mzazi au mlezi, yenye namba za simu mbili, magonjwa aliyo nayo, dawa anazotumia, na jina la mtu atakayekuja kumchukua. Pumu, kifafa na selimundu zitajwe. Wapo pia watoto wanaotumia kila siku dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na wengine hawajaambiwa bado sababu ya kuzimeza. Mzazi apewe nafasi ya kulisema jambo hili faraghani kwa mtu mmoja tu, ambaye ni muuguzi wa kambi. Muuguzi ampe mtoto dawa kwa saa yake, mahali ambapo watoto wengine nao hupewa dawa za mafua na za kikohozi, ili asitengwe kwa macho ya wenzake. Kambi isiyo na muuguzi isifunguliwe.

Ada. Baraza la wazee litenge fungu kwa ajili ya watoto wasioweza kulipa, wala majina yao yasisomwe mbele ya watu.

5. Mpangilio wa siku saba

Martin Luther aliandika Katekisimu Ndogo mwaka 1529, baada ya kuzitembelea sharika za Saksonia na kuhuzunishwa na ujinga aliouona. Aliiandika kwa ajili ya nyumba, ili mkuu wa nyumba awafundishe watoto wake na watumishi wake. Kambi ni nyumba kubwa, na kwa hiyo Katekisimu inafaa kuwa uti wa mgongo wake. Huu ni mpangilio mmoja unaofaa.

Jumapili jioni, kupokelewa. Kila mtoto huitwa kwa jina lake la ubatizo, huchovya kidole katika bakuli la maji, na mchungaji humwambia kuwa yeye ni mtoto wa Mungu. Luther aliweka Amri mwanzo, ili mtu ajue hitaji lake. Sisi tunaanza na ubatizo kwa sababu mtoto aliyetoka nyumbani leo anahitaji kwanza kujua yuko kwa nani.

Jumatatu, uumbaji. Somo lifanyike nje. Ukungu ukiondoka, mlima wenyewe, wenye mita zaidi ya 4,500, utasaidia kueleza kifungu cha kwanza cha Imani.

Jumanne, Amri. Watoto watunge wenyewe kanuni za kambi, kisha wazilinganishe na Amri Kumi. Watagundua kwamba zao ni kali zaidi na zina rehema kidogo.

Jumatano, ukombozi. Siku hii isimuliwe habari moja tu ya Yesu, kwa ukamilifu, na watoto waiigize. Alasiri iwe ya kazi: kufyeka, kupanda miti, kumchotea maji bibi wa jirani.

Alhamisi, ungamo na msamaha. Tutalizungumzia zaidi hapa chini.

Ijumaa, Sala ya Bwana. Kila mtoto aisali kwa lugha ya bibi yake, iwe Kimeru, Kimasai au Kichaga, kisha wote waisali kwa Kiswahili.

Jumamosi, kutumwa. Kufunga mizigo, kusafisha, na kurudi nyumbani. Jumapili inayofuata watoto wasimame mbele ya usharika, si kuimba tu, bali kusoma masomo na kuongoza maombi.

Kila siku iwe na sala ya asubuhi na ya jioni iliyo fupi. Luther alielekeza kwamba baada ya sala ya asubuhi mtu aende kazini kwake kwa furaha, na baada ya ile ya jioni alale upesi. Maelekezo haya yana hekima kubwa. Baada ya sala ya jioni kusiwe na hotuba.

6. Usiku

Mchana wa kambi huongozwa na walimu. Usiku hudhihirisha mchungaji. Usiku wa kwanza watoto hawalali kwa furaha. Usiku wa pili au wa tatu ndio wa machozi. Mtoto aliyekuwa akikimbia mchana kutwa hukaa kitandani na kusema tumbo linamuuma. Muuguzi amwangalie kwanza, maana tumbo huweza kuuma kweli. Asipoona ugonjwa, mlezi akae karibu, mlango ukiwa wazi na taa ikiwaka, amwulize habari za nyumbani: nani analala naye, mbwa wao anaitwaje. Asiambiwe kwamba wakubwa hawalii. Zaburi ya 131 inamfananisha mwamini na mtoto aliyetulia kifuani pa mama yake. Tuliyeiimba zaburi hiyo tusimwonee haya anayeitamani.

Wengine hukojoa kitandani, hata wenye miaka kumi na zaidi, na baridi huzidisha jambo hili. Mlezi aamke saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kengele, abadilishe mashuka bila neno, na godoro lipelekwe juani pamoja na magodoro mengine kwa kisingizio cha kuyaanika yote. Mtoto aliyefichiwa aibu yake amehubiriwa Injili, na atalikumbuka hilo baada ya kuyasahau masomo yote.

7. Nyumba ya Eli

Kitabu cha kwanza cha Samweli kinasimulia habari za mtoto aliyelala katika nyumba ya Bwana, mbali na mama yake, aliyemletea kanzu ndogo kila mwaka (1 Sam. 2:19). Tunapenda kuisoma sura ya tatu, pale Mungu anapomwita Samweli usiku. Mara chache tunaisoma pamoja na sura ya pili. Nyumba ile aliyolala Samweli ndiyo nyumba ambamo Hofni na Finehasi, makuhani, waliitumia madhabahu kujishibisha na kuwatenda vibaya wanawake waliohudumu mlangoni. Eli alizijua habari hizo. Aliwakemea kwa maneno, na hakuwazuia. Na neno la kwanza ambalo Mungu alimpa yule mtoto lilikuwa hukumu juu ya mtu mzima aliyejua akanyamaza (1 Sam. 3:11–14).

Kila kambi ya watoto ni nyumba ya namna hiyo. Uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba hapa Tanzania karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Tukizizingatia hesabu hizo, katika kambi ya watoto 60 hatuna budi kudhani kwamba baadhi ya wanaoketi mbele yetu wanabeba jambo ambalo hawajamwambia mtu. Wengine watalisema kambini, kwa kuwa ni mara ya kwanza kuwa mbali na aliyewatenda, na kwa kuwa tumewaambia kwamba wanapendwa. Na wapo watu wabaya wanaotafuta kazi za watoto kwa makusudi, wakijua kwamba Kanisa huamini upesi.

Kwa hiyo tunashauri haya yawe kanuni, na yasomwe mbele ya walezi wote kabla ya kambi. Mtu mzima asikae na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Asilale kitanda kimoja na mtoto kwa sababu yoyote. Adhabu ya viboko isiwepo. Zawadi za siri zisitolewe, wala picha za watoto wakioga au wamelala zisipigwe. Kanuni hizi zimhusu mchungaji wa kwanza kabla ya wote.

Sasa turudi kwenye siku ya Alhamisi. Mtoto aliyetendewa ubaya na mtu mzima mara nyingi hudhani kwamba dhambi ni yake. Tukifundisha ungamo bila uangalifu, tutamwongezea mzigo huo, naye atakuja kuungama kosa la mtu mwingine. Kwa hiyo mchungaji aseme wazi, mbele ya wote: yale ambayo mtu mkubwa alikutenda si dhambi yako, wala huna haja ya kusamehewa kwa ajili yake. Ungamo na ondoleo la dhambi vifanyike kwa pamoja, katika ibada, si katika chumba cha faragha.

Je, siri ya ungamo itakuwaje? Wanafunzi wetu huliuliza swali hili, na ni swali zuri. Tunajibu kwamba siri ya ungamo hulinda dhambi aliyoitubu mwenye kuungama. Mtoto anayesimulia alivyoumizwa haungami dhambi, analia. Na kilio hakifungiwi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Mtoto akisema, “Baba Mchungaji, nataka kukwambia kitu, lakini usimwambie mtu,” asiahidiwe hivyo. Ajibiwe kwa upole kwamba atasikilizwa, na kwamba atakayeambiwa ni yule tu awezaye kusaidia. Kisha mchungaji asikilize bila kuhoji kama polisi, aandike maneno kama yalivyosemwa, na siku ile ile amwone Afisa Ustawi wa Jamii au aende kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya kuwasaidia watoto nayo ipo, na walezi waijue kwa moyo. Jambo lisipelekwe kwanza kwenye kikao cha ukoo wala cha wazee wa kanisa ili lipatanishwe. Upatanisho wa namna hiyo ndio kimya cha Eli kilichovaa joho. Ikiwa mtuhumiwa ni mtumishi wa Kanisa, wajibu huo hauwi mdogo. Unakuwa mkubwa zaidi.

8. Baada ya kambi

Mtoto arudishwe mkononi mwa yule aliyeandikwa katika fomu, wala si kwa jirani anayepita. Mlezi amwambie mzazi neno moja jema na la kweli juu ya mtoto wake: kwamba alimpa mwenzake blanketi, au kwamba aliuliza swali gumu juu ya Utatu. Wazazi wengi wamezoea kuitwa na shule kusikia makosa tu.

Kisha usharika upokee. Kambi isiyo na mwendelezo humfundisha mtoto kwamba Kanisa ni jambo la wiki moja. Vikundi vya kambi viendelee kukutana katika shule ya Jumapili, na mlezi awatembelee watoto wake majumbani kabla ya mwezi kwisha. Mwishoni mwa Septemba tunaadhimisha siku ya Mikaeli na Watoto, ambapo watoto huongoza ibada. Watoto waliotoka kambini wasaidie kuiandaa siku hiyo kwa mawazo yao wenyewe, badala ya kukariri tu yaliyoandikwa na watu wazima.

9. Hitimisho

Tumeeleza kwamba kambi ya watoto ni Kanisa kwa siku saba, na kwamba mtoto aliyebatizwa ni kiungo chake kamili. Yanayofuata hapo yote yana uzito mmoja wa kitheolojia: chujio la maji, shuka lililobadilishwa alfajiri, mlango ulioachwa wazi, taarifa iliyotolewa kwa wakati. Bwana wetu alisema habari za jiwe la kusagia kwa ajili ya mtu amkosesha mmoja wa wadogo hawa (Mt. 18:6), na pia alisema kwamba anayempokea mtoto mmoja kwa jina lake ampokea yeye mwenyewe (Mt. 18:5). Maneno hayo mawili yako pamoja katika sura moja, na mchungaji anayefungua lango la kambi hana budi kuyashika yote mawili.